Helmeti ya Kiberiti

Kiberiti aliingia karakana ya helmeti amenyooka kama mlingoti. Fundi mmoja alimwita kutoka meza ya pembeni, naye hakugeuza shingo. Aligeuka mzima mzima: miguu kwanza, kifua kikafuata, kichwa kikaja mwisho kama abiria aliyechelewa. Mhandisi, aliyekuwa ameinamia kazi yake huku amebana bisibisi kwa meno, alicheka hadi bisibisi ikadondoka.

“Wifi, umemeza ufagio?”

“Wewe cheka tu,” Kiberiti alisema. “Nimeshuka angani sasa hivi. Hiyo helmeti yenu imeninyonga.”

Mhandisi alikuwa ameolewa na kaka yake Kiberiti, na utani wa mawifi hawa ulikuwa haujui likizo. Kila mmoja alishikilia kwamba familia ya mwenzake ndiyo iliyookota dodo. Lakini safari hii mhandisi aliacha kucheka. Alimwona wifi yake akishika kiti kwa mikono miwili na kujishusha taratibu kama bibi kizee, na alipofika chini macho yalikuwa yamejaa maji.

Jina la Kiberiti alipewa kikosini. Katika marubani wote wa ndege za kivita pale kambini hakuna aliyekuwa mdogo kama yeye, na hakuna aliyewaka upesi kama yeye. Alikuwa mwanamke pekee kikosini, na alikwisha kuzoea vitu kumpwaya: ovaroli aliikunja mikono na miguu, na glavu za kwanza alizopewa zilimfanya aonekane amekopa mikono ya baba yake. Ovaroli unaipeleka kwa fundi cherehani, mambo yanaisha. Helmeti ni habari nyingine.

Maana helmeti ya rubani wa jeti usiidhanie kofia tu. Gamba lake la nyuzi za kaboni ni jembamba kama sahani, lakini ukiligonga kwa nyundo, nyundo ndiyo inayorudi. Ndani kuna sponji na spika za masikio. Mbele kuna vioo viwili, kimoja cheupe na kimoja cheusi cha kukinga jua, na chini yake barakoa ya oksijeni inayobana pua na mdomo. Juu ya paji la uso hukaa kamera ya kuonea gizani. Pembeni kuna mtambo mdogo unaotupa picha kwenye kioo: mwendo wa ndege, kimo chake, na duara la kijani linalomfuata adui popote aendako. Rubani hana haja ya kuinama asome saa za ndege. Anatazama nje, na yote anayoyahitaji yanaelea mbele ya macho yake. Tena ndege inajua anatazama wapi. Akigeuza kichwa, makombora nayo yanageuza pua. Mhandisi alikuwa miongoni mwa waliouchora mtambo ule wa picha, na aliionea fahari helmeti ile kama mzazi anavyomwonea fahari mtoto aliyefaulu mtihani.

“Nieleze vizuri,” alisema, akavuta kiti karibu. “Inakusumbua lini?”

“Nikienda moja kwa moja haina neno. Nikiikunja ndege kwa nguvu, ndipo balaa linapoanza. Kila kitu kinakuwa kizito mara saba. Mikono, mashavu, hata kope. Na helmeti sasa! Inanishukia mpaka kwenye nyusi, duara linapotea, nabaki natazama weusi mtupu. Nikitaka kuinua kichwa nimtafute adui aliye nyuma, shingo inagoma. Leo kwenye mapambano ya mazoezi nimepigwa mizunguko yote, wifi. Yote! Na watu wale wale niliokuwa nawatafuna kama karanga tulipokuwa kwenye ndege za mafunzo.”

“Na kwa nini umekaa kimya siku zote hizi?”

“Ningesema nini? Kwamba kichwa changu ni kidogo?” Kiberiti alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. “Wangejibu, tulijua tangu zamani.”

Kesho yake mkuu wa kikosi aliwaita wote wawili. Alikuwa mtu mrefu, mchache wa maneno, ambaye hata marubani wakorofi walijikuta wakifunga vifungo vya shati walipomwona kwa mbali. Juu ya meza yake kulikuwa na picha za eksirei za shingo ya Kiberiti.

“Sikuadhibu,” alimwambia, bila kuzunguka. “Unaruka vizuri. Lakini daktari ameniambia jambo, na siwezi kujifanya sijalisikia. Siku ndege ikiharibika ukavuta kishikio cha kujiokoa, kiti kitakufyatua juu kama risasi. Helmeti hii ina uzito wote mbele. Itakivuta kichwa chini. Shingo nene inaweza kuhimili. Yako haiwezi.”

“Afande, mimi...”

“Ngoja nimalize. Sitaki kwenda kwa mama yako nikiwa nimebeba bendera iliyokunjwa. Mazoezi makubwa yakiisha, utahamia ndege za mizigo.”

Mhandisi ndiye aliyesema: “Na helmeti ikibadilika, Afande?”

Mkuu alimtazama kwa muda, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. “Ikibadilika, ikapita majaribio yote, na daktari akatia sahihi, tutazungumza. Lakini mazoezi hayasogezwi mbele kwa ajili ya mtu.”

Walipotoka nje, Kiberiti alishindwa kujizuia. “Mizigo! Mimi, wifi? Nibebe viroba vya unga?”

“Kuna watu wanaungoja huo unga.”

“Basi awapelekee mtu mwingine!”

Mhandisi alianza kama mhandisi yeyote anavyoanza: alipima. Alizungusha mashine yenye mwanga kwenye kichwa cha wifi yake, akapata umbo lake lote kwenye kompyuta, akakata sponji nene zaidi na kujaza kila penye nafasi. Kiberiti akarudi kutoka kwenye mashine ya kuzungushia marubani ili waonje uzito wa angani akiwa na alama nyekundu usoni kama aliyelalia mkeka, na picha ikawa imepotea vile vile. Wakashuku nywele. Kiberiti alikuwa na kawaida ya kuzifunga fundo kisogoni, na fundo lile lilikuwa linaisukuma helmeti mbele. Hakuuliza mtu. Alikwenda kwa kinyozi akarudi kipara.

Kaka yake alikutana naye mlangoni akampisha kwa heshima, “Karibu, kaka,” kisha akashika mdomo.

“Sasa umekuwa njiti kweli kweli,” mhandisi alisema alipoacha kucheka. “Njoo tujaribu.”

Walijaribu. Bila nywele, helmeti ikazidi kupwaya.

Hapo ndipo mhandisi alipokaa chini, ameishika ile helmeti mapajani, akiigeuza huku na huku. Alikuwa amefanya kazi na helmeti tangu atoke chuoni. Alijua uzito wa kila waya uliomo. Akamgeukia Kiberiti.

“Unajua mimi sijawahi kuivaa?”

“Unaivaa kila siku hapa.”

“Hapa naivaa nimekaa kwenye kiti cha ofisi, kikombe cha chai mkononi. Nataka kuivaa huko kwenye uzito mara saba.”

Alikwenda kwa mkuu wa kikosi kuomba kiti cha nyuma kwenye ndege ya viti viwili. Alitegemea kukataliwa. Mkuu aliinua kichwa taratibu kutoka kwenye karatasi zake.

“Miaka yote hii,” alisema, “hakuna aliyetengeneza helmeti aliyewahi kuniomba kiti. Daktari akikupitisha, nitakurusha mimi mwenyewe.”

Siku hiyo mhandisi alivalishwa suruali ya hewa inayobana mapaja ili damu isikimbilie miguuni, akafungwa mikanda mpaka akajiona kifurushi, na Kiberiti, ambaye daktari alikuwa amempumzisha, akapanda ngazi kumfungia barakoa.

“Ukitaka kutapika, mfuko uko kwenye paja lako la kulia,” alimnong’oneza. “Na utataka.”

Walipaa. Kwanza ilikuwa raha tupu. Namba za kijani zilielea kwenye anga la buluu, safi kama zilivyokuwa kwenye michoro yake, na mhandisi akajikuta anatabasamu ndani ya barakoa. Kisha sauti ya mkuu ikasema masikioni mwake, “Tayari?” na kabla hajajibu dunia ikalala ubavu.

Kitu kizito kilimkalia. Mashavu yalivutwa chini kuelekea shingoni. Helmeti, ile ile aliyokuwa akiipangusa kwa kitambaa laini, ikageuka gunia la mchanga. Ikainama mbele, ikamkokota kichwa, na mhandisi akajikuta anatazama magoti yake mwenyewe. Duara la kijani lilikuwa limeyeyuka.

“Kuna ndege nyuma yetu, kushoto,” mkuu alisema kwa utulivu wa mtu anayesoma gazeti. “Itafute.”

“Siwezi!”

“Adui hatangoja uweze. Itafute.”

Alijikaza. Alisukuma kisogo chake kwenye kiti, akageuza kichwa inchi kwa inchi, na hapo akakihisi kitu ambacho hakikuwahi kuonekana kwenye kompyuta yake. Kichwa kiligeuka, helmeti ikabaki. Taya lilipokwenda kushoto, mishipa ya shingo ilivimba, ngozi ya kichwa ikavutika, na umbo lote alilolipima kwa mwanga likawa umbo jingine. Sponji ilikuwa inakumbatia kichwa ambacho hakipo tena.

“Afande!” alipiga kelele. “Nimeelewa! Nime...” Halafu mkono wake ukakimbilia paja la kulia.

Alishuka ngazi uso umepauka, mfuko mkononi, na alikuwa anacheka. Kiberiti alidhani amechanganyikiwa.

“Wifi, tulikupima vibaya! Tulikukalisha wima, unatazama mbele, kama mtu anapigwa picha ya pasipoti. Nani anapigana akitazama mbele?”

“Hakuna,” Kiberiti alisema. “Ukiwa vitani ni shingo feni, nyuma na juu.”

“Ndiyo! Na ule uzito wa mbele lazima uondoke. Kamera ya kuonea gizani inafanya nini kwenye paji lako saa sita mchana?”

“Hilo hata mimi nilikuwa najiuliza. Hebu kwanza nipe huo mfuko, utaumwagia watu.”

Kazi ilianza upya. Kamera ya usiku ikatengenezewa kishikizo cha kuichomoa, ibaki chini ndege inaporuka mchana. Betri, iliyokuwa imebanwa karibu na sikio, ikahamishiwa nyuma ili uzito ukae sawa kama mizani. Kisha mhandisi akabuni kitu alichokiita kiganja: utepe mpana wenye sponji, unaoingia chini ya uvungu wa kisogo na kukishika kichwa kwa nyuma, mfano wa mama anavyomshika mtoto mchanga. Utepe huo ukivutwa, helmeti haina pa kuinamia.

Kazi ya sponji ndiyo iliyokusanya watazamaji. Mafundi walileta kiti cha ndege kilichostaafu, wakakilaza nyuma kama kilivyo angani. Kiberiti akakaa, soksi nyembamba ya kichwani ameivuta mpaka kwenye nyusi, akaambiwa ageuze kichwa atazame juu ya bega la kushoto kana kwamba kuna mtu anamfukuza. Wakamvisha gamba, wakamimina povu la maji maji ndani yake. Povu lile likianza kuganda huchemka.

“Linaunguza!” Kiberiti alipiga kelele.

“Usitikisike!”

“Wifi, linaunguza kweli!”

“Mfikirie adui! Yuko nyuma yako, anakucheka!”

Kiberiti alikunja uso, akamfikiria adui. Walifanya hivyo kwa bega la kulia pia, kisha mhandisi akayaunganisha maumbo yote mawili kuwa sponji moja, yenye mabonde na vilima ambavyo hakuna kichwa kingine duniani kingevitoshea.

Meneja wa karakana alifuatilia yote haya akiwa ameshika kiuno. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwangalifu, kwa sababu saini ya mwisho kwenye kila helmeti ilikuwa yake. “Mabadiliko ya sponji nayakubali,” alisema. “Kiganja chako ndicho kinachonipa wasiwasi. Umekifungaje?”

“Kwa skrubu mbili, hapa nyuma.”

“Umetoboa gamba.”

“Matundu madogo tu.”

Meneja hakubishana. Aliamuru helmeti ipelekwe kwenye mnara wa majaribio, ikavishwa sanamu ya kichwa, na chuma kizito kikaachiwa kutoka juu. Mlio uliosikika haukuwa ule mlio mkavu waliouzoea. Waliposogea, gamba lilikuwa na ufa uliotoka tundu la kwanza hadi la pili, kisha ukateremka chini. Kiberiti, aliyekuja kushangilia, alijifunga zipu ya jaketi mpaka kidevuni akatoka nje.

Jioni hiyo mhandisi hakugusa chakula. Mumewe alimsogezea sahani, akaivuta, akaisogeza tena.

“Kwa kweli mnanichosha nyie wawili,” alisema. “Dada yangu amenipigia simu analia, anadhani umekasirika naye. Wewe umenuna hapa, bila shaka unadhani yeye amekasirika na wewe. Na mimi ndiye nimepika.”

“Nilimpa matumaini,” mhandisi alisema.

“Yeye ana matumaini tangu anazaliwa, hukumpa wewe. Kula.”

Alikula. Na asubuhi alikuwa wa kwanza kufika karakana. Aliliweka gamba lililopasuka chini ya taa, akaufuata ufa kwa ncha ya kidole, tundu hadi tundu, kisha kuteremka. Ufa ulikuwa umepita kwenye kaboni kama kisu kwenye siagi, lakini ulipofika ukingoni, pale gamba lilipokunjwa mara mbili na kuvishwa raba, ulikufa. Alipitisha kidole tena. Ukingo ulikuwa mzima.

Meneja alimkuta hapo hapo, akainama naye bila kuvua koti.

“Ukingo haukupasuka,” mhandisi alisema.

“Naona.”

“Kwa hiyo tusitoboe. Kiganja tukining’inize kwenye ukingo, kwa vibanio.”

Meneja aliugusa ufa, akaugusa ukingo. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye msumari. “Vibanio nitavikata mimi,” alisema. “Nilikuwa fundi wa vyuma kabla hawajanipa tai.”

Vibanio vyake vilitoka vizuri kama vidani. Safari hii chuma kilipoachiwa mnarani, mlio ulikuwa mkavu na mfupi, na mafundi wakaruka kabla hata hawajaliangalia gamba, kwa sababu masikio yao yalikwisha kuwaambia. Wakaipuliza helmeti kwa upepo mkali kuliko tufani. Wakaivisha sanamu yenye vipimo shingoni, wakaifyatua kwa kiti cha kujiokoa, na daktari akakaa mbele ya skrini akifuatilia mstari uliopanda, ukapanda, ukaanza kushuka kabla haujagusa rangi nyekundu.

“Kwa shingo yako,” alimwambia Kiberiti, “hii inafaa.” Akatia sahihi.

Mkuu wa kikosi aliisoma sahihi ile mara mbili. “Mazoezi yanafungwa kwa pambano la mmoja kwa mmoja,” alisema. “Utapambana na mimi.”

Pale kambini hakuna aliyekumbuka lini mkuu aliwahi kushindwa. Habari zilienea kabla chai haijapoa. Siku ya pambano chumba cha redio kilijaa hadi watu wakakaa juu ya meza. Mhandisi alisimama karibu na spika, meneja ubavuni mwake ametoa tai kabisa. Kwenye ukuta, skrini ilionyesha alama mbili ndogo zikikaribiana, moja nyeupe ya mkuu, moja nyekundu ya Kiberiti.

Zilipishana kama magari kwenye barabara nyembamba. Hapo hapo zote zikajikunja.

Kwenye spika ilisikika pumzi ya Kiberiti: fupi, ya kusukumwa, ya mtu anayekaza tumbo lake lote ili damu isimtoke kichwani. Alama nyeupe ilikata kona kwa ndani. Ikaingia nyuma ya nyekundu.

“Amemshika,” mtu alisema. “Imekwisha.”

“Kelele!” meneja alifoka.

Kiberiti hakunyoosha ndege. Aliikunja zaidi, kwa nguvu ambayo wiki chache kabla ingemlaza kidevu kifuani. Ndani ya chumba hicho hakuna aliyeweza kumwona, lakini mhandisi alijua anachokifanya kana kwamba amekaa kiti cha nyuma. Alikuwa ameegemeza kisogo, ameligeuza taya kushoto, anatazama juu ya bega.

“Namwona,” Kiberiti alisema. Sauti yake ilikuwa imebanwa, lakini tulivu. “Picha ipo. Duara lipo. Namwona vizuri kabisa.”

Mhandisi aliushika mkono wa meneja bila kujua.

Kwa kuwa alimwona, alijua ni lini mkuu atazidisha mwendo, na alipozidisha, Kiberiti alipunguza na kuipindua ndege juu chini. Alama nyeupe ikapitiliza, nyekundu ikabaki nyuma yake upande wa kushoto. Mkuu alipojaribu kupanda ajinasue, Kiberiti hakuihangaisha pua ya ndege imfuate. Aliinua macho tu, akamtazama kupitia paa la kioo, akatulia kidogo, duara likafunga.

“Nimekufunga, Afande. Kombora limetoka.”

Mlio wa hewa kwenye redio. Halafu sauti ya mkuu: “Nimekufa. Rudia.”

Walirudia. Safari ya pili mkuu alikuja na kila ujanja aliokuwa nao, akajificha juani, akateremka kwa kishindo, akapinda kulia na kushoto kama samaki. Haikumsaidia. Kila alipokwenda, macho ya Kiberiti yalikuwa yamekwisha kufika.

“Nimekufunga tena, Afande.”

“Nimekufa tena,” mkuu alisema, na kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, sauti yake ilikuwa na kicheko. “Narudi nyumbani kabla hujanifanya mazoea.”

Chumba kililipuka. Mafundi walikumbatiana, viti vikaanguka, meneja akapunga tai hewani kama bendera. Mhandisi hakuweza kupiga kelele. Alijipenyeza mlangoni, akakimbia kwenye zege la uwanja, viatu mkononi.

Kiberiti alipofungua paa la kioo alisimama juu ya kiti, kidogo pale juu ya ndege kubwa, akaivua helmeti kwa mikono miwili na kuiinua juu kama kombe. Nywele zilizoanza kuota zilimeta kwa jasho. Alishuka ngazi kwa kuruka, wakakutana chini, wakakumbatiana wakizunguka, helmeti ikiwa katikati yao.

“Wifi, ilikuwa kama sijavaa kitu!”

“Usiseme hivyo, nimeishonea roho yangu.”

“Basi ilikuwa kama nimevaa roho yako. Umeridhika?”

Mkuu wa kikosi alikuja akitembea, helmeti yake kwapani. Marubani walimfuata nyuma. Alimpigia Kiberiti saluti kwanza, jambo ambalo kwa cheo halikumpasa, naye akairudisha.

“Ndege za mizigo zitamtafuta mtu mwingine,” alisema. “Nawe utawafundisha hawa mapambano kuanzia sasa.” Kisha akamgeukia mhandisi, akapunguza sauti, ingawa wote waliokuwa karibu walimsikia. “Unajua kwa nini alinipata kwa kushoto? Siwezi kugeuka kushoto. Shingo imekufa huko miaka mingi. Nilidhani ndiyo kazi yenyewe ilivyo, mtu anavumilia.”

Nyuma yake, rubani mmoja mnene, ambaye shingo yake ilitosha kuwa nguzo, alikohoa. “Afande, na mimi kulia.”

“Mimi zote mbili,” akasema mwingine.

“Mimi silali chali tangu mwaka jana.”

Kiberiti aliwatazama mmoja mmoja, macho yamemtoka. “Kumbe nyie wote? Na mlikuwa mnanicheka kila siku!”

“Tulikuwa tunacheka,” yule mnene alikiri, “lakini tulikuwa hatuwezi kutikisa kichwa.”

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi mnara wa kuongozea ndege.

Wiki iliyofuata meneja alilazimika kuongeza meza karakana. Amri iliyotolewa baada ya eksirei za Kiberiti, ya kuwazuia marubani wepesi kurusha jeti, ilifutwa, na wasichana watatu wa chuo cha urubani, waliokuwa wameambiwa wasipoteze muda, wakaitwa kupimwa. Kila mmoja alilazwa kwenye kile kiti kikuukuu akatazama juu ya bega, na kila mmoja alipiga kelele povu lilipochemka. Nyuma yao, kwenye benchi la mlangoni, wanaume wa kikosi walikaa kimya wakisubiri zamu, soksi wamezivuta mpaka kwenye nyusi. Mkuu wao alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

“Ataumia?” Kiberiti alimnong’oneza wifi yake, akilishika pipa la povu.

“Kidogo.”

“Mimina pole pole, basi, alionje vizuri,” Kiberiti alisema, na wote wawili wakamwinamia mkuu wakiwa na nyuso za heshima tupu.